Al-Jahidh aliyacheka macho yake, rangi hakuicheka

Kila msimu wa Idi na harusi hapa kwetu Pwani, wachekeshaji hupanda jukwaani na wengi wao huanza na miili yao wenyewe. Mfupi huucheka ufupi wake. Mnene hulicheka tumbo lake. Mweusi husema umeme ukikatika hata mamake mzazi hamuoni. Ukumbi hulipuka kwa kicheko, wengine hufuta machozi. Ubishi huja baadaye, kahawa ikishamiminwa barazani. Kuna wasemao mwili ni wa mwenyewe, aucheke apendavyo, mradi hajamtaja mtu. Na kuna wasemao hakuna aliyejiumba, kwa hivyo anayeicheka sura yake amemcheka aliyeiumba.

Mimi ubishi huo ukianza humkumbuka mtu mmoja aliyefariki miaka zaidi ya 1,150 iliyopita, ambaye sura yake ilichekwa kuliko ya mtu yeyote wa zama zake, na aliyeicheka zaidi ya wote ni yeye mwenyewe. Naona maisha yake yana jibu letu, ila si jibu jepesi la ndiyo au la.

Jina lake alilopewa na wazazi ni Amr bin Bahr, kuniya yake Abu Uthman. Lakini ukimtaja kwa jina hilo wachache watamtambua. Ulimwengu unamjua kwa jina la utani, Al-Jahidh, maana yake mtu aliyetokwa na macho. Macho yake yalikuwa makubwa yamechomoza mbele, kimo kifupi, na sura kwa jumla haikuwa ya kutazamika, kwa habari zote zilizoandikwa juu yake. Mshairi mmoja alimfananisha na nguruwe kisha akasema hata nguruwe ana nafuu. Fikiri kuishi na jina kama hilo tangu ujana hadi uzee, kila anayekuita anakukumbusha macho yako.

Alizaliwa Basra, Iraki, karibu na mwaka 776. Basra hatuhitaji kuelezwa sana sisi watu wa Pwani. Ni bandari ambayo kwa karne nyingi majahazi yalipakia tende na kushuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kwao Al-Jahidh walikuwa mafukara. Walioandika maisha yake wanataja kuwa alionekana akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan mjini humo. Jamaa yake wa karibu alisimulia kuwa babu yao alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia, aliyekuwa chini ya himaya ya kabila la Kinana. Basi huyu tunayemzungumza alikuwa maskini, mwenye sura mbaya, na mwenye damu ya Afrika katika mji uliojaa watumwa weusi. Weka hayo akilini, tutayarudia.

Alichokuwa nacho ni hamu ya kusoma isiyokuwa na mpaka. Yasimuliwa kuwa siku moja alimwomba mamake chakula, naye akamletea sinia iliyojaa madaftari, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa akileta nyumbani badala ya riziki. Yasemwa pia kuwa alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, ajifungie humo asome mpaka asubuhi. Mchana alikwenda Mirbad, soko kubwa la Basra, kuwasikiliza Waarabu wa jangwani wakizungumza lugha yao safi. Alisoma kwa mabingwa wa lugha kama Al-Asmai na Abu Ubayda, na elimu ya kalamu akaipata kwa An-Nadhdham wa madhehebu ya Muutazila.

Maandishi yake yakafika Baghdad, yakampendeza Khalifa Al-Mamun, na kuanzia hapo muuza samaki akawa mtu wa kuingia majumba ya wakubwa. Aliandika karibu vitabu na risala 200, ingawa zilizotufikia nzima ni chache. Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu 7, alimtunuku waziri Ibn az-Zayyat, naye yasemwa akamlipa dinari 5,000. Aliandika Kitabu cha Mabakhili, ambacho mpaka leo ukikisoma utacheka peke yako. Humo utawakuta watu wanaowapigia mahesabu wageni wao kwa kila tonge.

Sasa tuje kwenye sura.

Al-Jahidh mwenyewe ndiye aliyesimulia kuwa wanawake wawili tu ndio waliowahi kumtia haya. Wa kwanza alikuwa mrefu sana. Al-Jahidh alikuwa anakula, akamtania mama huyo kwamba ashuke chini ale pamoja nao. Yule mama akamjibu kwamba afadhali yeye apande juu aione dunia. Wa pili alimjia akamwambia ana haja naye, akamchukua mpaka dukani kwa sonara. Walipofika akamwambia sonara kwamba ni kama huyu, kisha akaenda zake. Al-Jahidh akabaki amesimama haelewi. Alipomuuliza sonara, akaelezwa kuwa mwanamke yule ameagiza pete ichorwe picha ya shetani, na sonara alikuwa amemjibu kwamba hajawahi kumwona shetani, atamchora vipi? Basi ndiyo mama akaenda kumletea mfano.

Kisa cha tatu ni kizito zaidi, na Ibn Khallikan amekitia katika kitabu chake cha wasifu wa watu mashuhuri. Khalifa Al-Mutawakkil, aliyetawala kutoka 847 hadi 861, aliambiwa kuwa hakuna mwalimu wa kuwafundisha wanawe kuliko Al-Jahidh. Akamwita. Alipomwona akaichukia sura yake, akaamuru apewe dirhamu 10,000 na arudi alikotoka. Hakuulizwa swali moja la elimu. Bingwa wa lugha ya Kiarabu alifukuzwa kazi kwa sababu ya uso.

Msomaji, hebu tazama visa hivi vimetufikiaje. Havikusimuliwa na adui zake, bali yeye ndiye aliyevisimulia. Na ukivipima vizuri utaona siri yake. Katika kisa cha mwanamke mrefu, aliyeanza utani ni yeye, na akakubali kurudishiwa. Hakuficha kwamba alishindwa. Katika kisa cha sonara tunacheka, lakini tunaondoka tukistaajabia werevu wa yule mama. Na katika kisa cha Khalifa, mwenye kuaibika si mwenye macho ya kutokeza. Ni mfalme aliyekuwa na macho mazuri na hakuona kitu. Al-Jahidh alimfanyia Al-Mutawakkil jambo ambalo hakuna mshtaki aliyeweza kumfanyia: alimwacha ahukumiwe na kila msomaji kwa karne 11 na zaidi, bila kumtukana hata neno moja.

Kwa hivyo mimi siko upande wa wale wanaosema mtu asiicheke kabisa sura yake. Mwenye umbo linalochekwa na watu ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kungoja achekwe, au anaweza kukishika kicheko kwa mkono wake mwenyewe na kukielekeza anakotaka. Al-Jahidh alikishika. Tena aliandika wazi, katika utangulizi wa Kitabu cha Mabakhili, kukitetea kicheko chenyewe: kwamba si jambo baya, kwani Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amejinasibisha na kuchekesha kama alivyojinasibisha na kuliza, na Waarabu waliwapa watoto wao majina ya kicheko na tabasamu. Lakini akaweka sharti, kwamba kicheko kina pahali pake na kipimo chake. Na mumo humo akaeleza kuwa kuna visa ambavyo hakuwataja wenyewe kwa majina, wengine kwa kuwaheshimu na wengine kwa kuwahofia.

Hata katika mapokezi ya dini yetu kuna kisa kilicho karibu sana na hiki. Zahir bin Haram alikuwa mtu wa jangwani, sura yake haikuwa nzuri, na Mtume (SAW) alikuwa akimpenda. Siku moja Mtume alimkuta sokoni anauza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma bila yeye kumwona, kisha akanadi kwa mzaha nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir, alipotambua ni nani aliyemshika, akajitania mwenyewe kwamba basi atakuwa bidhaa iliyododa. Mtume akamjibu kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu hakudoda, bali ana thamani kubwa. Sikuona katika kisa hicho kwamba Zahir alikemewa kwa kujitania. Nilichoona ni kwamba hakuachwa aondoke na neno la kujishusha likiwa ndilo la mwisho.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kundi la pili, lile lisemalo mwili ni wake na aufanyie atakavyo. Maana kuna sehemu ya mwili wa mtu ambayo ni yake peke yake, na kuna sehemu anayoimiliki kwa ubia.

Rudi kwa Al-Jahidh. Macho yale yalikuwa yake. Hapakuwa na kabila la wenye macho ya kutokeza, wala mtoto aliyeuzwa sokoni kwa sababu ya macho hayo. Aliyacheka, na hasara kama ipo ilikuwa yake. Lakini nimesema alikuwa pia mjukuu wa mtu mweusi, katika Basra ambako Zanji, yaani watu weusi waliotoka au waliodaiwa kutoka mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki, walitumikishwa kwenye mabwawa wakikwangua udongo wa chumvi ili mashamba ya matajiri yapate kulimika. Jina la Zanzibar lenyewe lina neno hilo ndani yake. Rangi ilikuwa kichekesho rahisi kabisa mjini humo. Katika visa vyake vya kujicheka nilivyovisoma, sikumwona akiigusa. Alipoiandikia rangi, aliiandikia risala nzima ya utetezi, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Fahari ya Weusi juu ya Weupe.

Humo anawataja weusi waliokuwa mashujaa, washairi na watu wema, wakiwemo waliokuwa pamoja na Mtume. Anawasifu Zanji kwa ukarimu, nguvu, ucheshi na ufasaha wa kuhutubu. Anawaambia wenyeji wa Iraki kwamba Zanji wanaowajua ni mateka tu, na kwamba hawajawaona Zanji wenyewe kwao. Anawataja watu wa Qanbalu na wa Lanjuya, na wanahistoria wanalihusisha jina hilo la pili na Unguja. Anakumbusha kuwa wanja bora ni mweusi, mboni ya jicho ni nyeusi, mpingo ni mweusi, na Jiwe la Kaaba ni jeusi. Kisha anatoa hoja iliyokuwa mbele ya zama zake: weusi si adhabu wala laana, ni kazi ya ardhi na jua. Mfano wake ni Harra ya Banu Sulaym, nchi ya mawe meusi Arabuni, ambako kwa maelezo yake watu na hata wanyama hugeuka rangi kwa sababu ya mahali penyewe.

Sitaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Katika vitabu vyake vingine kuna maneno juu ya Zanji yasiyopendeza hata kidogo, na wataalamu wanabishana kama risala ile aliiandika kwa moyo wake wote au kwa kuonyesha ufundi wa kutetea upande wowote. Alikuwa mtu wa mijadala. Lakini risala ipo, tena iliandikwa wakati ambapo kuicheka rangi kungemlipa zaidi kuliko kuitetea.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu dadangu ana binti wa miaka 13, mweusi wa kung'aa kama marehemu bibi yetu. Mwaka jana mzaha mmoja wa mchekeshaji juu ya weusi wake mwenyewe ulizunguka kwenye simu za watu. Mchekeshaji alijicheka yeye, hakumtaja mtoto wa mtu. Wiki hiyo hiyo darasani kwao mzaha ule ukapata mwenyewe mpya. Kila umeme ulipokatika, wenzake walimwita jina lake kwa sauti, wamtafute. Dadangu alikuja kugundua kikopo cha krimu ya kujichubua chini ya godoro. Mtoto alikuwa ameweka akiba ya nauli akainunua.

Yule mchekeshaji alilipwa kwa mzaha ule, akashuka jukwaani, akaingia gari lake. Yeye ana kipaza sauti, ana jina, ana watu wa kumpigia makofi. Binti wa dadangu hana hata kimoja katika hivyo. Mzaha ulipotoka mdomoni kwa mwenye nguvu ulikuwa kujicheka. Ulipofika darasani ulikuwa silaha. Hiyo ndiyo maana yangu ya mali ya ubia. Ukiuza kiwanja cha urithi bila ndugu zako, huwezi kujitetea kwamba na wewe ulikuwa na fungu humo.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba kwa kipimo hiki mfupi naye asiucheke ufupi, maana wafupi ni wengi, na mwenye kipara asicheke kipara. Hoja hiyo ina uzito, na jibu langu ni kutazama nje ya ukumbi. Je, kuna mtu anayenyimwa mchumba, kazi, au usalama wake kwa sababu ya kitu hicho? Kipara hakijamkosesha mtu wa Mombasa posa. Rangi imewakosesha wengi. Wenye ualbino katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki wameuawa kwa sababu ya ngozi yao. Kadiri jambo linavyowaumiza watu nje, ndivyo mchekeshaji anavyopaswa kupima mara mbili ndani, hata kama mwili unaochekwa ni wake.

Naye akitaka kuligusa, basi alifanye kama Al-Jahidh alivyomfanya Khalifa. Aeleze alivyonyimwa nyumba ya kupanga au alivyotazamwa ukweni, na kicheko kimwangukie aliyemnyima na aliyemtazama. Mzaha huo binti wa dadangu angeweza kuurudia darasani yeye mwenyewe, na akatoka ameshinda.

Mwisho wa Al-Jahidh nao una somo. Alirudi Basra uzeeni, nusu ya mwili ikapooza. Wazee wetu wanasema hujafa hujaumbika, na yeye aliumbwa upya akiwa na miaka zaidi ya 90 kwa hesabu ya Hijra. Hata hapo hakuacha. Aliwaeleza wageni wake kwamba upande mmoja wa mwili hata ukikatwa kwa mkasi hausikii, na upande wa pili hata nzi akitua unauma, na kwamba kilicho kizito kuliko yote hayo ni ile idadi ya miaka yenyewe. Ikulu ilipomtaka tena, alijibu kwa kuuliza wana haja gani na nusu mtu. Ugonjwa ule ulikuwa wake, na alikuwa na haki ya kuucheka mpaka pumzi ya mwisho.

Alifariki mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869. Watu hupenda kusimulia kuwa aliangukiwa na rundo la vitabu vyake. Huenda ni hadithi tu, lakini ni hadithi inayomfaa. Mwaka huo huo wa 869, kwenye mabwawa ya nje ya Basra, watumwa Zanji waliasi, na vita vyao vikaendelea hadi 883. Wale waliokuwa kichekesho cha mjini waliutikisa ukhalifa kwa miaka 14.

Al-Mutawakkil, aliyeichukia sura ile, aliuawa na walinzi wake mwaka 861, na Al-Jahidh akaishi baada yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo anayesomwa ni yule mwenye macho.

Kwa vijana wetu wanaojiandaa kupanda jukwaani msimu ujao, sina fatwa ya kuwapa, mimi si shekhe. Nina ombi. Kabla hujatoa mzaha juu ya mwili wako, jiulize kesho utarudiwa na nani, na utamrukia nani. Na sisi tulio kwenye viti tuna sehemu yetu. Mchekeshaji hufuata kicheko kama mvuvi afuatavyo samaki. Mzaha ukija ambao mtoto mweusi aliyekaa kando yako hawezi kuucheka, nawe usiucheke. Akisikia ukumbi umenyamaza, atabadilisha maneno bila kuambiwa.